Ng'ombe Mwenye Afya na Bakteria Asiyeonekana
Mazungumzo kwa walaji kuhusu usalama wa nyama na maziwa



Katika ziara zetu za kutoa elimu masokoni na mabuchani, swali moja limekuwa likitujia mara kwa mara, nalo huulizwa hivi: "Ng'ombe alikuwa mzima, amechinjwa alfajiri, nyama ina mhuri wa mkaguzi, sasa ugonjwa utoke wapi?" Swali hili ni la haki. Anayeliuliza ametimiza wajibu wake wa kuchagua kwa makini, na anastahili jibu lililo wazi.

Jibu letu kwa ufupi ni hili: ng'ombe anaweza kuwa mzima kabisa, na bado akawa amebeba tumboni mwake bakteria anayeweza kumuua mtoto. Uzima wa mnyama ni jambo jema, lakini peke yake hautoshi kuwa dhamana ya usalama wa chakula. Dhamana hiyo hujengwa hatua kwa hatua tangu zizini hadi jikoni, na hatua ya mwisho imo mikononi mwetu sisi tunaopika na kula.

Bakteria wa tumboni

Tumbo la ng'ombe, kama lilivyo tumbo la binadamu, limejaa bakteria wasiohesabika. Wengi wao ni wa manufaa. Bila wao ng'ombe asingeweza kuyageuza majani kuwa nyama na maziwa. Miongoni mwao wamo wanaoitwa Escherichia coli, au kwa kifupi E. coli. Jamii kubwa ya E. coli haina madhara, na huishi hata ndani ya matumbo yetu sisi wenyewe bila kutusumbua.

Lakini wapo E. coli wachache wanaotengeneza sumu kali. Sumu hiyo huitwa sumu ya Shiga, kwa jina la mtaalamu wa Kijapani, Kiyoshi Shiga, aliyegundua bakteria wa ugonjwa wa kuhara damu mwaka 1897. Aliye maarufu kuliko wote katika kundi hili hutambulika kwa alama ya O157. Alijulikana kuwa chanzo cha ugonjwa kwa binadamu mwaka 1982 huko Marekani, baada ya watu waliokula nyama ya kusaga iliyookwa kuugua kwa kuhara damu.

Mtu atauliza: mbona ng'ombe mwenyewe haugui? Sumu ya Shiga huhitaji mahali pa kujishikiza ili iweze kuharibu mishipa ya damu. Mishipa ya damu ya binadamu, hasa ile midogo iliyomo katika figo, inapo mahali hapo. Mishipa ya ng'ombe haina. Kwa hiyo bakteria huyu hukaa katika sehemu ya mwisho ya utumbo wa ng'ombe kama mpangaji asiye na fujo. Ng'ombe hula vizuri, hunenepa, hutoa maziwa, na manyoya yake hung'aa. Mfugaji hana dalili yoyote ya kumwonya. Ndiyo maana tunasema kwamba jicho, hata liwe la mfugaji hodari au la mganga wa mifugo, haliwezi kumtambua ng'ombe aliyebeba bakteria huyu. Maabara pekee ndiyo inayoweza.

E. coli huyu hayuko peke yake. Salmonela na kampilobakta nao hupatikana katika matumbo ya ng'ombe, kama wapatikanavyo kwa kuku, na huweza kuwapo bila mnyama kuonyesha dalili. Katika maziwa, wapo pia brusela, anayewafanya ng'ombe watupe mimba na kuwapa binadamu homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo, na bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe. Leo tutamtumia E. coli O157 kuwa mfano wetu mkuu, kwa sababu anayejikinga naye vyema huwa amejikinga na wenzake wengi.

Njia anazopita

Bakteria hutoka tumboni kwa njia ya kinyesi. Kinyesi hushika kwenye ngozi ya ng'ombe, kwenye mkia, kwenye kwato na kwenye kiwele. Wakati wa kukamua, chembe ndogo huanguka ndani ya ndoo. Wakati wa kuchuna, kisu kinachopita juu ya ngozi chafu hupeleka uchafu huo kwenye nyama ambayo hadi dakika hiyo ilikuwa safi. Na wakati wa kutoa matumbo, utumbo ukipasuka, yaliyomo humwagikia juu ya nyama. Msuli wa ng'ombe mwenye afya kwa kawaida hauna bakteria hawa ndani yake. Hupakwa juu yake katika kazi ya kuchinja na kuchuna. Tunaomba jambo hili likumbukwe, kwa maana tutalirudia tutakapofika jikoni.

Na mhuri wa mkaguzi je? Ndugu walaji, mhuri ni muhimu, wala tusinunue nyama isiyo na mhuri. Mkaguzi huchunguza tezi, mapafu, ini na misuli. Huweza kuona vivimbe vya kifua kikuu, viluwiluwi vya tegu, na ini lililoharibiwa na minyoo. Magonjwa hayo ni mazito, na kazi yake imeokoa maisha ya wengi. Lakini bakteria aliyepakwa juu ya nyama hana rangi, hana harufu, wala habadilishi ladha. Mkaguzi huona kinachoonekana. Asiyeonekana hushindwa kwa usafi na kwa moto.

Tena, idadi ya bakteria inayotosha kuleta ugonjwa ni ndogo mno. Kwa vijidudu vingi vya chakula huhitajika maelfu ili mtu augue; kwa E. coli O157 chini ya 100 huweza kutosha. Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Tone moja la maji ya nyama mbichi kwenye kachumbari si jambo la kudharau.

Funzo kutoka Swaziland

Wapo wanaodhani kwamba habari hizi ni za nchi za mbali zenye mashamba makubwa na viwanda vya nyama. Tunapenda kuwaeleza yaliyotokea katika bara letu wenyewe.

Mwaka 1992 kusini mwa Afrika kulikuwa na ukame. Katika Swaziland, nchi ambayo leo inaitwa Eswatini, mifugo ilidhoofika, na mwezi Oktoba vifo vya ng'ombe viliongezeka mara tano kuliko miaka iliyotangulia. Mwezi huohuo mvua kubwa za kwanza zikanyesha baada ya miezi mitatu ya ukame. Maji yalisomba kinyesi na kila kilichokuwa juu ya ardhi, yakakipeleka mitoni na mabwawani, mahali ambapo watu walichota maji ya kunywa.

Katika muda wa miezi miwili tu, Oktoba na Novemba, watu wenye umri wa zaidi ya miaka mitano walifika kwa waganga kwa ajili ya kuhara zaidi ya mara 40,000, idadi iliyo mara saba ya ile ya kawaida kwa kipindi hicho. Wengi walihara damu. Wataalamu walipochunguza, walimkuta E. coli O157, katika Swaziland na pia Afrika Kusini. Walioonekana kuwa katika hatari zaidi walikuwa wale waliokula nyama ya ng'ombe na wale waliokunywa maji yasiyotibiwa.

Tunayaona katika habari hii mambo tunayoyafahamu vizuri: ukame, mifugo iliyodhoofika, nyama inayopatikana kwa bei nafuu kwa sababu wanyama wanakufa, kisha mvua ya kwanza na maji ya mto. Mazingira hayo ni yetu pia. Kwa hiyo tahadhari nayo iwe yetu. Nyama ya mnyama aliyekufa mwenyewe isiliwe, hata iwe ya bei gani. Na maji ya mto au ya kisima kilicho wazi yachemshwe au yatibiwe, hasa baada ya mvua za kwanza.

Wala tusidhani kwamba maji ya bomba huwa salama daima pasipo uangalizi. Mwezi Mei 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilipeleka bakteria kutoka katika kinyesi cha ng'ombe hadi kwenye kisima kilichoulisha mji. Maji hayakuwa yametibiwa kwa klorini ipasavyo. Watu 7 walifariki na zaidi ya 2,300 waliugua. Tume iliyochunguza haikumlaumu mfugaji, kwa kuwa alifuata taratibu njema za ufugaji. Funzo lake ni kwamba hata shamba linalotunzwa vizuri lina bakteria, na kwamba kinga ikilegea katika hatua moja, hatua zinazofuata ndizo zinazobaki kutulinda.

Ugonjwa wenyewe

Mtu aliyeambukizwa kwa kawaida huanza kuugua baada ya siku tatu au nne, ingawa huweza kuchukua hadi siku nane. Kwa sababu hiyo mara nyingi tunalaumu chakula cha jana usiku, ilhali kilichotudhuru ni kile cha mwanzoni mwa wiki. Dalili ni tumbo kusokota kwa nguvu na kuhara, na mara nyingi kuhara huko hugeuka kuwa damu. Homa huwa ndogo au haipo kabisa.

Wengi hupona ndani ya siku 10. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa, hasa watoto wadogo na wazee, sumu huingia katika damu, huvunja chembe nyekundu na kuziharibu figo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hali hiyo huweza kuwapata hadi wagonjwa 10 katika kila 100 wa maambukizi haya, na kwamba kati ya wanaofikia hali hiyo, watatu hadi watano katika kila 100 hufariki. Wengine hubaki na figo dhaifu kwa miaka mingi. Mtoto aliyekuwa akihara, kisha akaanza kupauka, kuchoka kupita kiasi, kuvimba uso au kukojoa kidogo sana, apelekwe hospitali mara moja hata kama kuhara kumekoma.

Hapa tunayo nasaha moja tunayoisisitiza kuliko nyingine zote za sehemu hii. Mtoto akihara damu, tusimnunulie dawa za kuua bakteria dukani kwa kukisia, wala tusimpe zilizobaki nyumbani kutoka ugonjwa mwingine. Kuhara damu kunaweza kusababishwa na shigela, ambaye dawa hizo humtibu. Na kunaweza kusababishwa na E. coli huyu, ambaye dawa hizo huweza kuongeza hatari ya figo kuharibika. Kwa macho tu, mzazi hawezi kutofautisha. Vivyo hivyo, tusimpe dawa za kufunga kuhara. Tumpe maji yenye chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji mwilini, aendelee kunyonya ikiwa ananyonya, na tumpeleke kituo cha afya. Uamuzi wa dawa tuuache kwa mganga.

Jikoni: pande la nyama na nyama ya kusaga

Turudi sasa kwenye lile tuliloomba likumbukwe: bakteria hupakwa juu ya nyama. Pande zima la nyama likikaangwa au kuchomwa vizuri pande zote, moto hufika mahali bakteria walipo. Lakini nyama ikipita katika mashine ya kusaga, kilichokuwa nje huingia ndani na kuchanganyika. Tena katika kilo moja ya nyama ya kusaga huweza kuwamo nyama ya ng'ombe kadhaa, na mmoja tu akiwa amebeba bakteria huwachafua wote. Mashine isiyosafishwa huendeleza uchafu wa jana hadi leo.

Mwaka 1993, katika majimbo manne ya magharibi mwa Marekani, zaidi ya watu 700 waliugua na watoto 4 walifariki baada ya kula baga ambazo hazikuiva vizuri. Mwaka uliofuata, serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba nyama mbichi ya kusaga yenye E. coli O157 ihesabiwe kuwa bidhaa iliyoharibika, isiyoruhusiwa kuuzwa. Gharama ya funzo hilo ilikuwa maisha ya watoto, nasi hatuna haja ya kulilipia mara ya pili.

Kanuni ni rahisi. Bakteria huyu hufa chakula kinapofikia nyuzi joto 70 za Selsiasi katika kila sehemu yake, hata katikati. Kwa bahati njema, mapishi yetu mengi yanatulinda. Mchuzi unaotokota, supu inayochemka saa nzima, pilau iliyoanza kwa nyama iliyochemshwa: vyote hivi hupita kiwango hicho kwa mbali. Hatari imo katika vyakula vinavyoiva nje kabla ya ndani: kababu nene, baga, mishikaki ya vipande vikubwa iliyobanwa sana kwenye kijiti, na nyama choma iliyobabuka juu ilhali ndani bado inatoa maji mekundu. Kababu zitandazwe ziwe nyembamba. Vipande vya mshikaki viachiane nafasi. Na pande kubwa lipasuliwe tuone ndani kabla ya kuandaliwa. Hata hivyo rangi peke yake si kipimo kamili, kwa maana nyama ya kusaga huweza kubadilika rangi kabla haijafikia joto la kutosha. Kwa hiyo tusiipike haraka haraka, na kwa watoto tuipike zaidi. Mwenye kipima joto cha chakula akitumie.

Jambo jingine ni utumbo. Supu ya utumbo ni chakula kizuri, lakini utumbo ndio makazi yenyewe ya bakteria tunaowazungumzia. Ufungwe katika mfuko wake sokoni, uoshwe katika chombo chake, na chombo hicho kisafishwe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kutumika kwa kitu kingine.

Kisu, ubao na mikono

Mwaka 1996, katika mji wa Wishaw huko Uskoti, nyama iliyotoka katika duka moja iliugusa mji mzima kwa huzuni. Zaidi ya watu 15 walifariki, wengi wao wakiwa wazee. Miongoni mwa walioambukizwa walikuwamo wazee waliokula chakula cha mchana pamoja kanisani. Nyama waliyokula ilikuwa imepikwa. Kasoro kubwa iliyobainishwa na uchunguzi ilikuwa kutotenganisha nyama mbichi na iliyopikwa: moto ulikuwa umefanya kazi yake, kisha uchafu wa nyama mbichi ukapewa nafasi ya kurudi.

Kosa hilo tunaweza kulifanya sisi sote bila kujua. Tunakata nyama juu ya ubao, tunaupangusa kwa kitambaa, kisha tunakatia nyanya na vitunguu vya kachumbari hapohapo. Nyama itapikwa; kachumbari haitapikwa. Au tunapeleka nyama mbichi jikoni ndani ya sinia, kisha nyama iliyochomwa tunairudisha ndani ya sinia lilelile. Tunaomba kila nyumba iwe na ubao mmoja wa nyama mbichi na mwingine wa vyakula visivyopikwa. Pasipo uwezo wa kuwa na mbao mbili, basi kachumbari ikatwe kwanza na kufunikwa, nyama ifuate baadaye.

Wengi huuliza kuhusu kuosha nyama. Kuosha kwa maji hakuui bakteria. Kunaweza kuwarusha kwa matone hadi kwenye vyombo, kwenye sinki na kwenye mboga zilizo jirani. Anayeona ni lazima aoshe, na aoshe polepole ndani ya beseni, mbali na vyakula vingine, kisha beseni na mikono visafishwe kwa sabuni.

Baridi nayo tusiielewe vibaya. Jokofu huwapunguzia bakteria kasi ya kuzaliana, haliwaui. Nyama mbichi iwekwe chini kabisa ya jokofu ndani ya chombo kilichofunikwa, ili maji yake yasidondokee chakula kingine. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, nyama ipikwe badala ya kusubiriwa.

Yote haya hupata uzito zaidi siku za sherehe, kama Sikukuu ya Kuchinja, harusi na misiba, ambapo ng'ombe huchinjwa nyumbani, nyama hugawiwa kwa majirani, na wapishi ni wengi. Anayechuna ngozi na anayetoa matumbo wasiwe ndio wanaokata nyama mpaka wamenawa mikono na kubadilisha visu. Nyama iwekwe juu ya majani safi au karatasi ngumu ya plastiki, isilazwe juu ya ardhi yenye kinyesi. Na mgao wa nyama upelekwe mapema, kabla ya jua kali.

Maziwa

Maziwa hutoka katika kiwele kisafi yakiwa na bakteria wachache, lakini kati ya chuchu na kikombe kuna safari ndefu: mkono wa mkamuaji, mkia wa ng'ombe, ndoo, kopo la kupimia, dumu la plastiki lisilosuguika ndani. Sehemu kubwa ya maziwa tunayotumia hununuliwa moja kwa moja kutoka kwa wafugaji na wachuuzi. Biashara hiyo inazilisha familia nyingi, na hatukuja hapa kuilaumu. Tunasema tu kwamba maziwa hayo yachemshwe, yote, kila siku.

Kiwandani, maziwa hupashwa moto hadi nyuzi joto 63 kwa dakika 30, au nyuzi joto 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa upesi. Nyumbani tusiokuwa na vipimo hivyo tuyaache yaumuke na kutokota, huku tukikoroga, kisha tuyaepue, tuyafunike na kuyapoza. Joto hilo huwaua E. coli, salmonela, brusela na bakteria wa kifua kikuu kwa pamoja.

Tunajua tutaambiwa kwamba wazee wetu walikunywa maziwa mabichi na wakaishi miaka mingi. Tunawaheshimu wazee wetu. Lakini wale walioishi ndio tunaowakumbuka; watoto waliokufa kwa kuhara damu, na mama waliosumbuliwa na homa isiyojulikana, hawakuandikwa popote kwamba waliuawa na maziwa. Pia tutaambiwa kwamba mtindi ni salama kwa sababu umechachuka. Uchachu huwazuia bakteria wengi, lakini E. coli huyu ni mvumilivu wa uchachu kuliko wengi. Mtindi ulio salama ni ule uliotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kwanza, kisha yakapozwa na kutiwa kianzio cha mtindi safi. Ladha haipotei, na mtoto anabaki salama.

Bustani, maji na watoto

Samadi ni rutuba, na mkulima wa mchicha hawezi kuambiwa aiache. Lakini bakteria huweza kuishi ndani ya samadi mbichi kwa wiki nyingi, hata miezi. Samadi irundikwe na kuachwa ioze vizuri hadi itoe joto na kuwa udongo mweusi kabla ya kutiwa bustanini, na isimwagwe juu ya mboga zinazokaribia kuvunwa. Sisi wanunuzi tuoshe mboga zote kwa maji safi yanayotiririka, na zile tuliwazo bila kupika, kama nyanya, karoti na kabichi, tuzioshe kwa uangalifu zaidi au tuzimenye.

Watoto wanaocheza na ndama, wanaochunga au kusaidia kukamua, wafundishwe kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kula chochote. Mgonjwa anayehara naye hutoa bakteria. Anayemhudumia anawe mikono kila mara, na mgonjwa asiwapikie wengine mpaka apone kabisa.

Haki na wajibu wetu

Ndugu walaji, hatupendi mtoke hapa mkidhani kwamba mzigo wote ni wa mama aliye jikoni. Mfugaji ana wajibu wa kuwapeleka machinjioni wanyama walio safi. Machinjio yana wajibu wa kuwa na maji ya kutosha na kuwachuna wanyama wakiwa wametundikwa. Mwenye bucha ana wajibu wa kusafisha gogo, kisu na mashine, na kutenga utumbo na nyama. Sisi tunaonunua tunayo haki ya kuona mhuri, kuuliza mashine ilisafishwa lini, kuomba nyama isagwe mbele yetu kutoka pande tulilolichagua, na kuondoka pasipo kununua tusiporidhika. Tukiona uchafu unaoendelea, tumwarifu bwana afya au bibi afya wa eneo letu. Kufanya hivyo si uchongezi. Ni kumlinda mtoto wa jirani.

Basi tukirudi kwa yule aliyetuuliza ugonjwa utoke wapi, tunamjibu kwa heshima: hukukosea kuchagua ng'ombe mzima, wala hukukosea kutafuta mhuri. Endelea hivyo. Kisha ukifika nyumbani, tenganisha kibichi na kilichoiva, pika hadi ndani, chemsha maziwa, tibu maji, na nawa mikono. Ng'ombe hakuweza kukuonya, na macho yako hayakuweza kuona. Lakini sufuria inayotokota na mikono iliyonawiwa zinatosha kukulinda wewe na wanao.